Meno ya Kuachia

Mara ya kwanza ulitoka pale wadi inapoikata njia ya Al-Yahmadi.
Nikakanyaga hewa.
Goti likagonga hendeli, nikajiuma ulimi,
na mnyororo ukaning'inia kama utumbo wa mbuzi
mchana wa Idi.

Mara ya pili, kwenye changarawe ileile.
Mara ya tatu nilikuwa nimebeba mayai.
Baada ya hapo niliacha kuhesabu, nikaanza kutukana,
kwa Kiswahili. Kiarabu changu ni cha benki na hospitali;
hakina makali ya kutosha kwa mnyororo.

Baiskeli ni ya kaka yangu Sleyum.
Ilikuwa na giya ishirini na moja.
Vumbi la Ibra lilizila moja moja,
kama mtu anayekula zabibu huku anaongea.
Nikang'oa nyaya, nikang'oa vikorokoro vyote,
nikabakiza giya moja.
Nilisema: mwanamke wa miaka hamsini na mbili
mwendo wake keshaujua.

"Kaza mnyororo," alisema mpwa wangu Muhenna, kwenye simu toka Maskati.
Nikaukaza. Ukalia usiku kucha masikioni mwangu,
pedali zikawa nzito kama kusaga mtama,
na asubuhi, palepale, ukatoka.
"Basi ulegeze kidogo."
Mama, kitandani, uso ukutani:
"Kamba hukatikia pabovu. Katafute pabovu,
uache kunipigia kelele."

Nikaipeleka sanaiya, kwa Shofiqul,
kati ya fundi wa rejeta na duka la chakula cha mifugo.
Hakuniuliza kitu. Aliipindua magurudumu juu,
akachutama nyuma yake, jicho moja kalifumba
kama anayetunga uzi kwenye sindano.
"Mbele iko huku," alisema, kwa Kiarabu chake
ambacho vitenzi havina jana wala kesho.
"Nyuma iko kule. Mnyororo kila siku kwenda safari."

Milimita nne. Upana wa nusu kokwa ya tende.
Akahamisha washa mbili toka upande huu wa giya kwenda ule,
na mstari ukanyooka.

Nikadhani tumemaliza. Akanipa tochi.
"Angalia meno ya mbele."
Mengine mafupi, mengine yamekatwa mshazari,
na ubavuni vijingazi vya chuma.
"Yamelika," nikasema.
"Hapana. Zaliwa hivyo. Kazi yake kuachia."

Kuachia: ili mnyororo upande na kushuka,
uhame giya hii kwenda ile bila ugomvi.
Kumbe miezi yote hii nililiomba lishike
duara lililochongwa liachie.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Nikakumbuka Wete, kisha Mombasa, kisha Dubai,
masanduku yetu ambayo hayakuwahi kufunguliwa hadi chini.
Nikamkumbuka Sleyum, aliyeacha mke, akaacha kazi,
akaacha baiskeli ukutani ikiwa na upepo.

Shofiqul alifunga duara jipya:
jino jembamba, jino nene, jembamba, nene,
kila moja likiingia chumba chake.
Akaivuta ekseli nyuma, akazungusha polepole,
akitafuta mahali mnyororo unapobana zaidi.
"Hakuna duara ni duara kweli," alisema.
Palepale panapobana ndipo akapima,
akaacha mchezo wa ncha ya kidole,
akakaza nati.

Riyali sita na nusu.
Nilimwomba apunguze. Hakupunguza.

Asubuhi, kabla jua halijaanza ukali,
nilisimama juu ya pedali penye changarawe.
Mnyororo haukusema neno.
Nikafika upande wa pili, nikageuka,
nikapita tena, kwa makusudi.

"Umepapata?" aliuliza mama.
"Palikuwa patatu."
Akaguna, akaomba chai.

Lile duara la zamani nililiosha kwa mafuta ya taa.
Liko kwenye msumari nyuma ya mlango.
Halina kosa.
Siku Sleyum akirudi kudai giya zake,
atalikuta.